Kitanda Kidogo Nyuma ya Mchawi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye banda la video la Maili Moja, Kibaha, nikiwa na kamusi ya Kiingereza kwapani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilidhani kutafsiri filamu ni kazi ya kamusi. Meneja alinitazama, akaitazama kamusi, akainyanyua kwa vidole viwili na kuiweka juu ya amplifaya.

"Itatusaidia kuzuia vumbi," alisema.

Kwa ninyi mliozaliwa simu zikiwa tayari zinaonyesha kila kitu, ngoja niwaeleze banda la video lilikuwa nini. Lilikuwa chumba kirefu cha mbao na mabati, mabenchi yamepangwa kama kanisani, na mbele juu ya meza kulikuwa na televisheni mbili zilizounganishwa kwenye deki moja. Deki ndiyo mashine iliyokuwa ikimeza kanda. Pembeni ya meza palikuwa na kigoda na kipaza sauti, na hapo ndipo alipokaa mtafsiri. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, au kwa Kichina na Kihindi zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Watazamaji wetu walikuwa mafundi, wauza nyanya, vibarua, na madereva wa malori waliopumzika kabla ya kuendelea na barabara ya Morogoro. Mtafsiri alishusha sauti ya filamu kwa mkono wa kushoto, akasema kwa Kiswahili kilichokuwa kikisemwa, kisha akaipandisha tena ili muziki na vishindo virudi. Huko kushusha na kupandisha ndiko kulikomtenga mtafsiri na mpiga kelele.

Filamu ya siku ile ilikuwa ya mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida, mmoja wa wale wanaovaa nguo za kubana na kuficha sura. Kwa lugha ya bandani shujaa wa filamu yoyote aliitwa stelingi. Nilianza kumtafsiri stelingi neno kwa neno. Nilikuwa sijamaliza sentensi moja, yeye ameshasema tatu. Watu wakaanza kuguna. Fundi baiskeli mmoja akageuka kwenye benchi lake na kusema kwa upole kabisa, "Dada, sasa tunasikia kelele mbili."

Meneja akasimamisha kanda. Alikuwa mtu mrefu, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashine za kiwanda cha nguo, na nadhani ni zile mashine zilizomfundisha kutopandisha sauti, maana hazishindiki kwa kelele. Akaniinamia.

"Zuhura, hawa hawajaja kusoma Kiingereza. Waambie huyu mtu anataka nini, na nini kinamzuia."

"Na maneno mengine yote?"

"Mengine wana macho."

Akaiachia kanda. Nikafanya alivyosema. Tukafika pale ambapo daraja kubwa linaanza kukatika na magari yamejaa juu yake. Yule stelingi anashuka chini ya daraja na kulibeba kwa mabega. Hana la kusema wakati huo, kwa hiyo nami sikuwa na la kusema. Nilikaa na kipaza sauti mkononi, nikaona viatu vyake vinazama kwenye lami, taratibu, kama mtu anayekanyaga ugali wa moto. Watu wanapita juu yake, hakuna anayejua kuna mtu chini. Nikaligeukia banda. Wanaume wote wale walikuwa wamefunga midomo. Dereva mmoja wa lori alikuwa ameinua mabega yake mwenyewe bila kujua, anasaidia kubeba.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa kama mtu aliyetoka kuzaa. Sikulala vizuri kwa mshangao. Sikuwa nimejua kwamba watu wasiofahamiana, waliokaa gizani mchana kweupe, wanaweza kubeba daraja moja pamoja.

Tangu hapo nimezitafsiri filamu za mashujaa zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, na nina maoni yangu juu yake. Watu wengi hudhani ni filamu za ngumi. Ngumi ndicho kitu rahisi kuliko vyote humo; kwa mtafsiri ngumi ni mapumziko, unakunywa maji. Filamu ya shujaa hupimwa kwa uzito. Mtu akinyanyua gari kama anayenyanyua kikapu, hiyo ni karatasi, itupe. Lakini aliyeitengeneza akikumbuka kuonyesha lami inayopasuka, mshipa wa shingo, na ile pumzi kabla ya kunyanyua, basi utaamini hata akiruka mpaka mwezini. Nguvu haionekani mpaka kitu kingine kiumie. Na kuhusu kuruka, Meneja alikuwa na msemo wake. "Mtu anayeruka si habari," alikuwa akituambia. "Habari ni anakokwenda."

Kitu kimoja hakijawahi kunipendeza. Wanapigana, mji mzima unabomoka, kisha stelingi anasimama juu ya jengo jua likizama, na filamu inakwisha. Nimekaa Kibaha, nimeona nyumba moja tu ikiezuliwa na upepo na jinsi familia inavyohangaika na bati zake. Ule mji nani anaufagia?

Meneja alikuwa na sheria moja kubwa, na ilikuwa ni sheria ya heshima. Mtafsiri asiseme kisichokuwemo. Watafsiri wengine wa enzi zile walitia utani, walimpa adui jina la mbunge, walimfanya stelingi aagize chipsi mayai. Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini Meneja alisema, "Aliyetengeneza hii picha hayupo hapa kujitetea. Wewe ndiye umebeba mdomo wake." Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikumbuki nikiivunja.

Tulipotofautiana ni kwenye katuni. Yeye aliamini katuni ni za kunyamazishia watoto. Mimi nilikuwa nimeona mkanda mmoja kwa jirani, hadithi ya kifalme iliyochorwa, nikashindwa kula. Nilimwomba aniachie Jumamosi asubuhi, wakati banda halina watu, niwaonyeshe watoto na mama zao. Alikataa, akakataa tena, kisha siku moja akanihamisha. Alikuwa amefungua banda la pili Kisarawe, nyuma ya soko, akanipangia kwenda huko kama serikali inavyompangia mwalimu.

"Kule ni kwenu," alisema, maana mimi ni mtoto wa Kisarawe. "Katuni zako kaonyeshe kule. Zikishindwa, zishindwe mbali na mimi."

Hazikushindwa. Katuni ninayotaka kuwasimulia ilihusu mfalme aliyegeuzwa kuwa mlima. Binti yake hajui baba yuko wapi. Anaambiwa tu kwamba dawa ya kumrudisha ipo juu kileleni, kwa hiyo filamu nzima anaupanda mlima, analala kwenye mapango yake, anakunywa maji ya chemchemi zake, na hajui kuwa anatembea juu ya mwili wa baba yake. Watoto walijua. Mimi niliwaambia mapema, maana filamu yenyewe ilionyesha mapema. Binti alipokuwa akiteleza, mlima ulisogeza jiwe kidogo apate pa kukanyaga. Akina mama waliokuja kuwasindikiza watoto, ambao walikuwa wamesema watakaa nje, waliingia mmoja mmoja na kukaa sakafuni.

Nyimbo sikuzitafsiri. Huo ulikuwa uamuzi wangu na bado nautetea. Kabla binti hajaanza kuimba nilisema kwa kifupi, "Sasa anamwambia baba yake kwamba amechoka," kisha nikainua mkono kutoka kwenye kitufe na kuuacha wimbo uende. Wimbo ukiutafsiri unabaki mifupa mitupu.

Ndani ya filamu ile alikuwamo mchawi, bibi kizee aliyeishi pangoni, ndiye aliyemgeuza mfalme. Alikuwa na nywele nyeupe zilizosimama, mgongo uliopinda, na macho mekundu kama makaa. Watoto walimwogopa kwa furaha, kama watoto wanavyopenda kuogopa. Mwishoni anaanguka korongoni, na banda zima lilikuwa likishangilia.

Karibu na kituo cha magari pale Kisarawe kulikuwa na mama mmoja mzee aitwaye Bibi Semeni. Alikaanga vitumbua tangu mimi nikiwa sijaanza shule. Aliishi peke yake, mgongo ulikuwa umeanza kumwinamisha, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote ile. Mnaona jambo linakoelekea. Kwanza watoto waliacha kununua kwake, wakawa wanapita upande wa pili wa barabara wakikimbia. Kisha wakaanza kumwita kwa jina la yule wa kwenye filamu. Halafu kokoto zikaanza kurushwa.

Kwa watoto ulikuwa mchezo. Lakini neno mchawi si la kuchezea kwetu, na kila mzee aliyeishi nchi hii anajua limewafanyia nini akina mama wenye macho mekundu katika mikoa mingine. Neno lile likitoka kwenye vinywa vya watoto likaingia kwenye vinywa vya watu wazima, halitoki tena. Na lilikuwa limeanza kuingia. Mkulima mmoja aliyefiwa na mbuzi alisikika sokoni akisema, "Watoto hawana unafiki, wanaona tusiyoyaona."

Mtendaji wa kata akaniita ofisini. Alikuwa kijana, mtaratibu, mgeni pale.

"Dada Zuhura, banda nalifunga kuanzia leo mpaka tuelewane," alisema. "Na hiyo katuni sitaki kuisikia tena."

Nilipeleka habari Kibaha. Meneja akajibu kwa dereva wa basi: niitupe katuni, nionyeshe za ngumi, yaishe. Nami nilikuwa karibu kukubali. Banda lilikuwa mkate wangu, na juu ya hapo nilikuwa naogopa kwa ajili ya Bibi Semeni. Nilikwenda kwake alasiri, nikamkuta anachekecha unga wa mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamekufungia?"

"Wamenifungia. Na katuni naitupa. Nimekuja kukwambia kwamba haitaonyeshwa tena."

Hakuacha kuchekecha. "Itanisaidia nini? Watoto wameshaiona. Asiyeiona ni mimi." Akaweka chekecheke chini. "Nataka niione. Mtu akiambiwa amefanana na mwenzake, ana haki ya kumwona huyo mwenzake."

Mtendaji hakupenda, lakini hakuweza kumkatalia mtu mzima mwenye ombi lake. Tukaamua iwe mchana, banda limefungwa kwa wengine. Alikuja Mtendaji, akaja Shehe wa msikiti wa pale sokoni, akaja mwinjilisti wa Kilutheri, na wazazi wachache, akiwemo yule mwenye mbuzi. Bibi Semeni aliketi benchi la mbele, khanga ameivuta kichwani. Nikaweka magunia kwenye madirisha, nikaweka kanda, nikatafsiri kama ninavyotafsiri siku zote. Sikuwahi kutafsiri filamu huku najua kwamba ikisikika vibaya mtu anaweza kuchomewa nyumba.

Mchawi alipoanguka korongoni hakuna aliyeshangilia. Nikazima. Mtendaji akakohoa, akataka kusema, lakini Bibi Semeni alimtangulia.

"Nimemwona," alisema. "Macho ni haya haya yangu." Watu wakacheka kidogo, kwa aibu. Yeye hakucheka. "Ila nina swali. Kile kitanda kidogo nyuma yake ni cha nani?"

"Kitanda gani, Bibi?" niliuliza.

"Pale binti alipoingia pangoni kuomba dawa. Nyuma ya yule bibi. Nyote mlikuwa mnamtazama binti."

Nilirudisha kanda. Deki ililia, picha zikakimbia kinyumenyume, nikaisimamisha kwenye pango. Kanda ukiisimamisha picha hutetemeka, basi tulisogea wote karibu na kioo, Shehe na mwinjilisti bega kwa bega, tukatazama ndani ya kutetemeka kule. Kilikuwepo. Kitanda kidogo cha mbao, cha mtoto, kimesukumwa ukutani. Juu yake blanketi limekunjwa vizuri. Pango lote limejaa tando za buibui, kwenye vyungu, kwenye mafuvu, kwenye nywele za mchawi mwenyewe. Kwenye kitanda hakuna hata uzi mmoja. Mtu alikuwa akipafagia kila siku.

Hakuna neno lolote katika filamu ile linalokitaja kitanda. Nilikuwa naijua kama sala, na neno halimo.

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Katika filamu ya watu, kikombe kinaweza kuwa mezani kwa sababu kuna aliyekisahau pale. Katika katuni hakuna kinachosahauliwa, kwa sababu hakuna kilichokuwepo. Karatasi ilikuwa tupu. Kuna mtu, nchi ya mbali nisiyoijua, alikaa mezani kwake akaamua kwamba mwanamke huyu mbaya alikuwa na mtoto. Akachora kitanda. Akachora mikunjo ya blanketi. Akaacha kuchora buibui mahali pale tu. Kisha akakubali kwamba kitaonekana kwa muda wa kupepesa macho na huenda hakuna atakayekiona. Na kitu kile kikasafiri kutoka kwake, kikapita mikononi mwa watu wangapi, kikafika Kisarawe nyuma ya soko, kwa mtu mmoja aliyekuwa na sababu ya kumtazama mchawi.

Mtendaji ndiye aliyetangulia kusema. "Kwa hiyo alifiwa," alisema polepole.

"Picha haisemi," nikajibu, maana ndiyo ilikuwa sheria yangu.

Habari zilimfikia Meneja, akaja mwenyewe kutoka Kibaha kesho yake. Nilimwonyesha. Alikaa na picha ile iliyosimama mpaka nikaogopa kanda itakatika. Nilitarajia aniambie habari za biashara. Akaniuliza, "Unataka kuwaambia watoto?"

"Nataka. Lakini ulisema tusiseme kisichokuwemo."

Alinyoosha kidole chake kirefu, akakiweka kwenye kioo, juu ya blanketi. "Kimo," alisema. "Kiseme."

Mtendaji alifungua banda kwa sharti moja, kwamba Bibi Semeni awepo kama atapenda mwenyewe. Akapenda. Jumamosi ile watoto walifika mlangoni, wakamwona amekaa mbele, baadhi wakarudi nyuma. Msichana mmoja alimng'ang'ania mama yake, akilia kwamba yule yumo ndani. Mama yake, nilimjua vizuri, alikuwa mmoja wa waliokuwa wakinong'ona. Alisimama pale mlangoni hajui afanye nini. Kisha akamshika mtoto mkono, akaingia, akakaa benchi la pili.

Nilitafsiri. Tulipofika pangoni nilishusha muziki na kusimamisha kanda, kitu ambacho mtafsiri hafanyi kamwe katikati ya tukio, kwa sababu banda litakuzomea. Nikasema, "Tazameni nyuma yake. Kuna kitanda cha mtoto. Kila kitu hapa kina buibui, kitanda hakina."

Kisha yule msichana wa benchi la pili akauliza, "Mtoto wake yuko wapi?"

Swali lilijibiwa kutoka benchi la mbele, bila kugeuka.

"Alikufa. Ndiyo maana anapafagia."

"Wewe umejuaje?"

"Na mimi nilikuwa nacho kitanda kama hicho," alisema Bibi Semeni. "Nilikuwa nacho, na mtoto nilikuwa naye. Angekuwa hai angekuwa mkubwa kuliko mama yako."

Mama wa yule msichana akainamisha kichwa. Niliiachia kanda iendelee, kwa sababu sikujua la kufanya zaidi. Mchawi alipoanguka korongoni, wachache waliruka na kushangilia kwa mazoea, kisha wakanyamaza wenyewe.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalitengemaa siku ile ile. Shehe alilisema jambo hilo msikitini Ijumaa, mwinjilisti akalisema Jumapili, na Mtendaji alimwita mwenye mbuzi, wakazungumza mlango ukiwa umefungwa. Watoto walirudi kununua vitumbua kidogo kidogo, kwanza kwa kutumana. Wawili watatu waliendelea na kokoto mpaka mama zao walipowashughulikia kwa namna ambayo akina mama wa Kisarawe wanaijua. Lakini neno lile halikupata pa kukaa. Likapita.

Bibi Semeni mwenyewe akawa mtazamaji wangu. Alikuja hata siku za mashujaa, akakaa mbele, akatoa maoni yake kwa sauti. "Huyu stelingi wenu ananipa huruma," aliwahi kusema. "Nguvu zote hizo, na jioni hana wa kumwekea chakula." Nimesoma magazetini maoni mengi ya wajuzi wa filamu, sijaona yaliyozidi hayo. Ni kweli. Wale mashujaa wote wanarudi kwenye chumba kitupu. Alifariki kwa uzee, kitandani kwake, majirani wakiwa wamemzunguka, na waliobeba jeneza lake walikuwa vijana ambao wengi wao walikuwa bandani Jumamosi ile.

Baada ya kanda zikaja diski, na watu wakaanza kuwa na deki majumbani. Meneja aliuza mabanda yote mawili; baadaye macho yake yakaharibika. Mimi nikapata kazi Zegereni, kwenye bwalo la kiwanda kimoja, ambako Ofisa Utumishi aliamini kwamba wafanyakazi wakionyeshwa filamu wakati wa mapumziko hawatatoroka. Huko nilishuhudia mashujaa wakibadilika. Walikuwa hawachezwi tena na mtu aliyening'inizwa kwa kamba. Walitengenezwa kwa kompyuta, na nikaanza kuona kwamba filamu za mashujaa na katuni zimekuwa ndugu, maana zote sasa zinachorwa. Maji yalichorwa. Vumbi lilichorwa. Niliona manyoya ya simba wa kuchora yakipulizwa na upepo, kila unywele na njia yake, nikasahau kusema, mpaka mpishi wa bwalo akaniita, "Mama, kipaza sauti kimezimika?"

Hakikuzimika. Kilichozimika baadaye ni koo. Daktari aliniambia nyuzi za sauti zimeota vinundu na kwamba nikiendelea nitabaki nikinong'ona. Nikaaga. Nilijenga Visiga, nina bustani ya mchicha na kuku, na majirani wananiita Mama Rehema. Wengi hawajui nilifanya kazi gani. Vijana wanatazama filamu kwenye simu wakiwa wamelala, kila mmoja na yake, na wanakielewa Kiingereza. Silalamiki. Mtafsiri hufanya kazi ili siku moja asihitajike.

Mwaka jana binti yangu Rehema alinipeleka Dar es Salaam kwenye jumba kubwa la sinema, lile la viti vya kulala na kioo kinachojaza ukuta. Ilikuwa katuni, hadithi ya kifalme. Alininunulia bisi, akanikalisha katikati. Taa zilipozimwa, mkono wangu wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kutafuta kitufe cha sauti. Rehema akaushika, akacheka. Basi nikakaa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa msichana nilitazama filamu kutoka mwanzo mpaka mwisho pasipo kuisema, na iliniingia kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. Kulikuwa na msitu. Kulikuwa na majani ya msitu ule, na umande juu ya majani, na ndani ya kila tone ulikuwemo msitu mzima, umepinduka. Nililia kwa tone lile. Hapakuwa na kitu cha huzuni.

Filamu ilipokwisha, watu walisimama, taa zikawaka nusu, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Bandani hatukuwahi kuyaacha yapande; filamu ikifika pale tuliitoa ili kundi jingine liingie. Sikujua ni mengi kiasi hicho. Yalipanda na kupanda, majina ya Kichina, ya Kihindi, ya Kizungu, mengine ya Kiafrika, waliochora nywele, waliochora maji, waliochora mwanga, makundi kwa makundi. Rehema alikuwa ameshachukua mkoba. Dada wa usafi aliingia na fagio lake, akafagia mstari wa kwanza, wa pili, akafika kwetu.

"Mama, imekwisha," aliniambia.

"Bado, mwanangu," nikamwambia. "Bado watu wanapita."

Akageuka akatazama kioo. Akaegemeza fagio kwenye kiti, akasimama pamoja nami mpaka jina la mwisho.